Shinyanga ilishatufundisha, kwa nini tunasahau?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi ni mmoja wa waandishi walioikimbia nchi yao kwa sababu ya kalamu, na wanaonisoma wanajua kwamba si mtu wa kuipigia makofi serikali ya Tanzania. Lakini liko jambo moja kubwa ambalo serikali hiyo ililifanya vizuri, na cha ajabu ni kwamba yenyewe ndiyo inayolisahau.

Jambo lenyewe ni ngitili. Kwa Wasukuma, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, mifugo isiingie, ili kiangazi kikifika pawe na majani. Hiyo ni elimu ya mababu, haikuletwa na mtaalamu wa wizara.

Walioivuruga ni wakubwa. Mwingereza alifyeka misitu ya Shinyanga ili kuua mbung'o. Mashamba ya pamba yakaendelea kuila iliyobaki. Kisha miaka ya 1970 ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa, watu wakahama na ngitili zao zikabaki nyuma bila mwenyewe. Miti ikaisha, udongo ukachukuliwa na upepo, na kina mama wakawa wanatembea saa nyingi kutafuta mzigo mmoja wa kuni.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway. Safari hii haikuja na amri. Kaya ilifunga eneo lake, kijiji kikafunga la kwake, sheria ndogo zikatungwa hapo hapo kijijini, na mkosaji akakutana na sungusungu au baraza la jadi, dagashida. Ngitili zilizojulikana mwaka huo zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji 833.

Je, mkulima alipata nini? Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria kwamba faida ya ngitili ilifikia dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya kawaida ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Ni kuni, fito, asali, uyoga, dawa, nyasi za kuezekea na malisho ya ng'ombe wakati wa njaa. Kwa maskini, msitu ndiyo benki yake, na hauulizi dhamana.

Sisemi kwamba kila kitu kilikuwa asali. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa alifaidi kuliko asiye na kitu, na hilo lilihitaji kurekebishwa. Lakini hata huyo asiye na kitu alipata kuni karibu na nyumbani.

Siri ilikuwa moja tu: aliyelinda ndiye aliyevuna. Sasa linganisheni na Loliondo, Juni 2022. Huko pia neno lilikuwa ni hifadhi, lakini lilikuja na askari wenye bunduki, vigingi vikapigwa kuzunguka kilomita za mraba 1,500, na Wamasai wakakimbilia Kenya wakiwa na majeraha. Mfugaji aliyenyang'anywa malisho atalinda mti gani, na kwa faida ya nani?

Sisi tulio ughaibuni tunaijua simu ya kiangazi: mvua imegoma, ng'ombe wanakufa, tumeni chochote. Tunatuma, na mwaka unaofuata simu inalia tena. Pesa zetu haziwezi kuwa badala ya ardhi ya mtu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ipo, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake. Serikali haina haja ya kubuni kitu kipya. Irudi Shinyanga, ijifunze kutoka kwa yale iliyoyafanya yenyewe.