Kikwembe Kiunoni, Joho Mahakamani

Kila mara suala la mavazi ya kazini linapoletwa katika mikutano yetu ya walei hapa Kamina, hoja huwa ile ile: mwanaume mwenye heshima huvaa suruali, koti na tai, aliyejifunga kitambaa kiunoni ama ni mgonjwa, ama anakwenda kuoga, ama amerukwa na akili. Hoja hiyo tunaikataa. Hatuikatai kwa kupenda mambo mageni. Tunaikataa kwa sababu inawanyima vijana wetu kazi, na kwa sababu haisemi kweli hata juu ya wale wanaoitetea.

Tuwatazame kwanza wanaume wanaotumikia kazi zao huku suruali zao hazionekani. Hakimu huingia mahakamani na joho lililomfunika hadi miguuni, na wakili vivyo hivyo. Profesa huvaa joho siku ya kutoa shahada. Daktari wa upasuaji hufungiwa mgongoni vazi linalomfika chini ya magoti. Padri huvaa kanzu, na altareni huongeza alba na kasula juu yake. Hakuna anayewacheka. Tutajibiwa kwamba chini ya hayo yote ipo suruali. Huenda, lakini heshima hatujapata kuitoa kwa kile kisichoonekana. Tunamsimamia hakimu kwa sababu ya joho, wala hatumwombi kwanza alifunue.

Basi si umbo la vazi linalotuudhi. Linatuudhi pale linapovaliwa na mtu asiye na cheo, au linapotoka nyumbani kwetu.

Wapo waliopita njia hiyo kabla yetu. Huko Uskoti wanaume huvaa kilti, kitambaa cha sufu chenye marinda mengi nyuma, kinachozungushwa kiunoni na kuishia magotini. Baada ya watu wa milimani kuasi mwaka 1745, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1746 iliyowakataza wanaume na wavulana wa huko kuvaa mavazi yao ya asili. Kosa la kwanza lilikuwa kifungo cha miezi sita. La pili, kupelekwa ng'ambo kwa miaka saba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782. Lakini muda wote huo askari wa vikosi vya milimani waliomtumikia mfalme waliruhusiwa kuvaa kilti. Mkulima aliyeivaa shambani alikuwa mhalifu, na jirani yake aliyeivaa chini ya bendera alikuwa shujaa. Leo hii mwanaume wa Uskoti huivaa siku ya arusi yake, na wapo wanaokwenda nayo ofisini.

Wala mambo hayo hayako mbali na mji huu kama inavyodhaniwa. Umoja wa Mataifa ulipoleta majeshi Kongo mwaka 1960, ulikitumia kituo kikubwa cha kijeshi cha hapa Kamina, na miongoni mwa wanajeshi wake walikuwapo Waayalandi. Jeshi lao hadi leo huwavika wapiga zumari wake kilti ya rangi ya zafarani. Hiyo ni sare ya kazi ya askari, na sijui ni nani kati ya wakubwa wetu angethubutu kumwambia askari huyo kwamba amevaa kama mama yake.

Tanzania nayo ilikosea kwa namna yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali iliendesha kampeni ya kuwalazimisha Wamaasai waache mashuka na kuvaa suruali, eti kwa sababu ya maendeleo. Leo katika miji ya nchi hiyo hiyo, Mmaasai mwenye shuka na rungu ndiye mlinzi anayetafutwa. Shuka limekuwa sehemu ya sifa yake ya kazi. Pwani ya Waswahili mvuvi hujifunga kikoi akaenda baharini, na hakuna anayemwona mwanamke kwa hilo.

Na sisi? Wazee wetu Waluba walivaa ngozi na vitambaa vya rafia. Vitambaa hivyo vilikuwa mali, vikibadilishwa kwa chumvi na chuma. Kisha ukaja wakati ambapo Mkongomani aliyetaka kuhesabiwa kuwa mstaarabu alipimwa na mkoloni hata ndani ya nyumba yake. Kuanzia mwaka 1948 palikuwapo kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 ikaongezwa hati ya kuandikishwa miongoni mwa wastaarabu. Waombaji walichunguzwa jinsi wanavyoishi, wanavyokula, wanavyovaa. Suruali na tai vikawa ushahidi. Tunaposema leo kwamba asiye na tai hana heshima, tunaendelea na mtihani ule ingawa watahini wameondoka zamani.

Mobutu alidai kuuvunja mtihani huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipiga marufuku suti na tai, akaleta abakosti. Wanawake nao wakakatazwa suruali na sketi fupi, wakaamriwa vikwembe. Jina lenyewe la abakosti lilimaanisha kuangusha suti. Lakini abakosti ilikuwa nini kama si koti lingine juu ya suruali ile ile? Zile zilizosifiwa zaidi zilishonwa Ubelgiji, zikiwa na chapa ya Arzoni. Uhalisi ulisafirishwa kutoka Ulaya kwa ndege! Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja aliruhusu tai pia, na mabwana wakazikimbilia kana kwamba tai ndiyo demokrasia. Katika miaka yote ile ya kutafuta uhalisi, mwanaume hakuruhusiwa kuonekana kazini na kitambaa kiunoni. Mama alibebeshwa mzigo wa mila, na baba akaachiwa suruali.

Hatusemi kwamba kila kazi yafaa kila vazi. Katika karakana ya reli, mtu anayeunganisha mabehewa asivae kitu kinachopepea, iwe kikwembe, iwe kilti, iwe kanzu. Kwenye mashine ya kusaga mahindi, mkanda hauulizi kama nguo ni ya Kiafrika au ya Kizungu. Anayechomelea chuma hahitaji magoti wazi mbele ya cheche. Hata Waskoti walijifunza hilo kwa maumivu: katika mahandaki ya vita vya 1914 hadi 1918 marinda ya kilti yalijaa tope na chawa, na pindo lililoganda kwa baridi liliwachana miguu. Hiyo ndiyo sheria tunayoikubali, kwamba kazi yenyewe iseme inachohitaji.

Lakini mwalimu mbele ya ubao anahitaji tai kwa ajili gani? Karani wa ofisi isiyo na kipepeo, mwezi wa Oktoba kabla mvua haijashika, koti linamsaidia kuandika nini? Mwaka 2017, katika mji wa Nantes huko Ufaransa, madereva wa basi waliokatazwa kaptula wakati wa joto kali walikuja kazini wamevaa sketi, kwa kuwa kanuni iliziruhusu kwa wenzao wanawake. Abiria walifika walikokuwa wakienda.

Hapa kwetu tunawafahamu vijana waliomaliza masomo ya ualimu, wakakopa ili kununua suti ya mitumba kwa ajili ya mahojiano, wakaanza kulipa deni kabla ya mshahara wa kwanza. Tunamfahamu mmoja aliyerudishwa mlangoni akiwa na shati safi, diploma mkononi, kwa kukosa tai. Hakuulizwa hata swali moja la hesabu. Mtume Yakobo alikwisha kuwakemea waliompa kiti mwenye nguo nzuri na kumsimamisha maskini, na sisi husoma waraka huo kanisani kisha Jumatatu tunakaa kwenye meza ya mahojiano.

Wapo watakaotuletea Kumbukumbu la Torati, mahali panapokataza mwanaume kuvaa nguo za mwanamke. Watuambie basi kama kanzu ya padri ni nguo ya mwanamke. Kinacholifanya vazi kuwa la mwanaume au la mwanamke ni desturi ya mahali, na ndiyo maana mzee anayejifunga kikwembe jioni uani kwake haendi kuungama.

Tumeomba kifungu cha tai kiondolewe katika kanuni za ajira za kila shule ambayo wanachama wetu wanakaa katika kamati yake, na mahali pake paandikwe tu: nguo safi, yenye staha, isiyohatarisha kazi. Atakayekuja na kikwembe kilichoshonwa vizuri, chenye marinda na mkanda, apewe chaki afundishe. Jambo hili litajadiliwa katika kikao kijacho. Wenye kulipinga tunawakaribisha, ila waje wametuandalia jibu la swali moja: ni mwanafunzi gani alishindwa kujifunza kusoma kwa sababu shingo ya mwalimu wake ilikuwa wazi?