MGUU WA KUKU KIUNONI HAUKULINDI, KIJANA!

Kijana wa Ngamiani na Makorora, sikiliza. Unanong'onezwa ununue "mguu wa kuku" kwa mlango wa nyuma, uufiche kiunoni, eti ujilinde. Ujilinde na nani?

Machi 23, 2017, Dar es Salaam, mtu asiye na sare alimchomolea bastola Nape Nnauye mchana kweupe, mbele ya kamera. Na Nape alikuwa ametoka kuvuliwa uwaziri siku hiyo hiyo! Septemba 6, 2024, Ali Kibao wa CHADEMA alishushwa na watu wenye silaha kwenye basi la kuja Tanga. Mwili ukaokotwa Ununio. Bastola moja, ndani ya basi lenye abiria, ingefanya nini zaidi ya kuongeza maiti?

Sheria ya 2015 inamruhusu raia kumiliki silaha kwa leseni. Sawa. Mwenye leseni ajifunze kuitumia, asilewe nayo, asiitoe kwa ugomvi wa baa. Wewe mlalahoi usiye na leseni ukinaswa nayo ni jela, na watawala wameshapata jina la kukuita: jambazi. Usiwape!

Tunachodai hakifichwi kiunoni: waliomshusha Kibao watajwe.