Spika zielekee madhabahuni, si dirishani kwangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo majirani zangu hulizungumza jikoni na kwenye vikao vya harusi, lakini wakifika ofisini hulimeza. Mimi ni Mlutheri, naimba sauti ya pili katika kwaya ya kina mama, na kazi yangu ni uuguzi. Wiki mbili katika kila mwezi naingia zamu ya usiku, kwa hiyo usingizi wangu ni wa mchana. Nayatanguliza haya asije mtu akasema barua hii imeandikwa na adui wa Injili.

Nakaa Sinza, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba. Viwanja vya Sinza vilipimwa miaka ya 1970, katika ule mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na waliovipima walijua walichokifanya. Makazi yalipewa sehemu yake, na shule na soko vikapewa sehemu zao. Viwanja vyenyewe ni vidogo, ukuta kwa ukuta. Jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kufungua dirisha. Mahali kama hapo watu wanaweza kuishi vizuri tu, mradi nyumba ibaki nyumba.

Leo kutoka getini kwangu hadi barabara ya lami, mwendo wa dakika sita kwa mguu, kuna makanisa saba. Moja tu ndilo lililojengwa liwe kanisa. Mawili yamo katika nyumba za kuishi zilizovunjwa kuta za ndani, moja liko juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mengine mawili ni turubai na mabati uani kwa watu. La saba, hilo lililonishikisha kalamu, liko mahali palipokuwa baa.

Ile baa tuliilalamikia miaka mitatu. Ilikuwa na leseni, na leseni ina saa zake, kwa hiyo ilipozipita tulijua pa kwenda na karatasi ya kushika mkononi. Hatimaye ikafungwa, mtaa ukashangilia. Haukupita mwezi, mwenye nyumba akapangisha huduma ya maombezi. Viti vya plastiki ni vilevile, vimevishwa vitambaa vyeupe. Na spika, nasema kweli, ni zilezile, maana ni za kijana mmoja mkodishaji wa muziki tunayemjua sote. Tofauti ni kwamba baa ilikuwa ikifunga.

Jumapili wanaanza saa mbili asubuhi, wanamaliza saa tisa. Jumatano na Alhamisi kuna maombi ya mchana. Ijumaa ni mkesha, kuanzia saa tatu usiku mpaka alfajiri, kinanda, ngoma na maiki. Spika mbili ziko ndani na mbili ziko juu ya ukuta, zimetazama mtaani. Nilimwendea mchungaji. Ni kijana muungwana, hakosi kuniamkia, na jirani yetu alipofiwa alizima muziki siku mbili akaleta na mchele. Nikamuuliza, mwanangu, hizi za nje ni za nini? Akanijibu kwa upole, "Mama, Neno lazima liwafikie waliolala." Nikamwambia, "Mchungaji, aliyelala ndiye mimi." Tukacheka wote wawili. Alhamisi yake mambo yakawa yaleyale.

Jumapili moja niliyokuwa na mapumziko nilikaa barazani kutazama wanaoingia. Wa mtaani kwetu niliwaona watatu. Wengine walishuka kwenye bajaji na magari wakitokea Mbagala, Gongo la Mboto, hata Bunju. Sisi wenyeji wakati huohuo tunatoka kwenda kusali kwingine, na walio Waislamu wako majumbani mwao. Ina maana wanaosali humo hawalali hapa, na wanaolala hapa hawasali humo. Mchungaji mwenyewe anakaa Goba, na nasikia huko ni kimya kabisa. Kanisa la zamani lilikuwa la watu wa mahali. Likikukera, mzee wa kanisa alikuwa shemeji yako, unamkamata njiani mnayamaliza. Hili ukitaka kulisema, unamsema nani? Ibada ikiisha wote wameshaondoka.

Magari yao hufunga njia nzima. Mwaka huu mama mmoja mjamzito alitembezwa mpaka barabarani huku uchungu umemshika, kwa sababu teksi haikuweza kuingia. Alijifungua salama. Kwa kazi yangu najua kwamba si kila mara inakuwa hivyo.

Nimekwenda kwa viongozi wa mtaa nikaambiwa, "Dada, hayo ni mambo ya Mungu, sisi tutaingiaje?" Nikapelekwa ofisi ya juu yake, huko nikaulizwa kama kanisa hilo limesajiliwa. Limesajiliwa, cheti kimetundikwa mlangoni. Basi, nikaambiwa, wana haki. Nilipozidi kung'ang'ana wakaniagiza nilete vipimo vya kelele. Mimi napima presha za watu, Mhariri. Kipimo cha kelele nitakitoa wapi?

Hapo kwenye cheti ndipo tunapozugwa. Usajili wa Msajili wa Jumuiya unaitambua taasisi kwamba ipo. Haugeuzi nyumba ya kuishi, wala iliyokuwa baa, kuwa ukumbi wa watu mia tatu. Kubadili matumizi ya kiwanja ni suala la mamlaka ya upangaji, chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007. Kelele nazo zina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za viwango vya kelele na mitetemo za 2015, na sikuona humo kwamba kelele ikiwa ya sifa haihesabiwi. Katiba nayo husomwa nusu. Ibara ya 19 inalinda uhuru wa kuabudu, na naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini Ibara ya 16 inalinda maisha binafsi ya mtu na unyumba wake, na ya 30 inasema haki za mmoja zisitumike kuingilia za mwingine.

Najua atatokea wa kuniuliza, na misikiti je? Adhana ni dakika chache, nimezaliwa naikuta. Ila msikiti nao ukifungulia mawaidha mtaa mzima usiku kucha, lalamiko langu ni hilihili, halibadiliki dini.

Wapo wanaotaka tufanye kama Rwanda, ambako mwaka 2018 zaidi ya makanisa 700 yalifungwa Kigali. Mimi sifiki huko. Hata lile sharti lao la viongozi kuwa na shahada ya teolojia silipendi. Petro alikuwa mvuvi. Lakini wakaguzi wa kule waliuliza pia habari za vyoo, usalama wa jengo na sauti kutoka nje. Hayo ni maswali ambayo bwana afya huuliza hata mgahawa wa chipsi.

Kuna jambo moja zaidi, nalo halihusu usingizi. Katika mkesha mmoja mhubiri mgeni alitangaza kwenye maiki kwamba mchawi anayefunga baraka za mtaa huu anakaa nyumba ya tatu, yenye geti jeusi. Sote tulisikia, na spika za nje zilihakikisha tunasikia. Nyumba ile anakaa bibi mjane mwenye miaka zaidi ya themanini, anayeuza ubuyu kwa watoto wa shule. Katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa maneno kama hayo, hilo si mahubiri. Wiki iliyofuata mjukuu wake alilipaka geti rangi ya bluu. Watoto wamepungua kununua ubuyu.

Ninachoomba si kikubwa. Kabla nyumba haijageuzwa kanisa, majirani waulizwe, kama tunavyoulizwa mtu akitaka kufungua baa. Spika za nje ziteremshwe. Mkesha ufanyike ndani, milango imefungwa, Mungu si kiziwi. Na huyo ofisa anayetaka vipimo, aje navyo yeye Ijumaa saa nane za usiku. Nitakuwa zamu, lakini ufunguo wa geti nitauacha kwa bibi, na chai iko kwenye chupa.

Ni mimi,
Mkazi wa Sinza, Dar es Salaam
(Jina langu unalo, Mhariri, naomba usilichape.)