KIMYA SI JIBU

Hapa Sudi mkulima akipeleka gunia la korosho kwenye chama cha ushirika, hupimiwa na kuandikiwa stakabadhi. Bei ya mnada ikiwa mbaya atanung'unika, lakini ataijua. Mwanawe aliyesomea kompyuta akipeleka cheti chake kuomba kazi ya kuanzia, huambiwa "maombi yamepokelewa". Basi. Mwezi unakwisha, wa pili, wa tano. Simu ikilia, nyumba nzima inageuka.

Tunauliza: kosa lake nini?

Matangazo mengi ya kazi huishia hivi: watakaojulishwa ni watakaoitwa kwenye usaili tu. Haya ni maneno ya kibwana! Mwingereza alitutawala kwa dharau, lakini hata afisa wake alipokuandikia kukukatalia jambo, alimalizia "mimi mtumishi wako mtiifu". Ulikuwa uongo, na wazee wetu waliucheka. Lakini barua waliishika mkononi.

Watasema waombaji ni wengi. Ni kweli. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na walioomba walipita 135,000. Hatusemi wote wangepata. Tunasema mashine inayoweza kuwahesabu watu wote hao haishindwi kumpelekea kila mmoja neno "hapana". Na ajabu yake, huyu anayenyimwa jibu ndiye fundi wa kazi hiyo! Mpeni siku chache, atawatengenezea programu ya kuwajibu wenzake.

Wapo wanaowahubiria vijana wajiajiri. Vizuri, bahari ipo na mikorosho ipo. Lakini asiyeambiwa "hapana" anafungwa miguu. Msimu wa kupalilia unampita. Nauli ya Dar es Salaam imelala chini ya godoro, hathubutu kununulia nyavu, maana huenda akaitwa kesho. Mama aliyeuza korosho alipe ada ya chuo anaona haya hata kumwuliza.

Tunadai kila tangazo la kazi litaje siku ya majibu, na siku hiyo ajibiwe aliyepata na aliyekosa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilitungwa mwaka 2004. Bunge halishindwi kuiongezea kifungu kimoja. Ofisi za Serikali zianze, makampuni yafuate.