Dodoso Gumu Humchagua Atakayesikika

Wiki mbili zilizopita, mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa hapa Nyegezi aliniletea simu yake. Kikundi chao kilikuwa kimetumiwa kiungo cha dodoso la mtandaoni na ofisi moja iliyotaka maoni yao kuhusu ushuru na mazingira ya biashara. "Mwalimu, nisaidie," akaniambia. "Jana nilifika katikati, likarudi mwanzo. Na bando lenyewe limekwisha." Tuliketi tukalijaza pamoja kwa dakika zipatazo arobaini. Tulipofika mwisho tulikuwa tumeandika mambo mawili yasiyo ya kweli, kwa kuwa dodoso lilikataa kusonga mbele bila jibu, na jibu la kweli halikuwa na mahali pa kuandikwa.

Ofisi hiyo sitaitaja, maana kosa hili tunalo wengi. Mimi mwenyewe nimesimamia tafiti za wanafunzi na kupitisha madodoso ambayo leo nikiyasoma naona haya. Hoja yangu ni hii: dodoso gumu huamua nani asikike kabla mwananchi hajajibu swali hata moja. Anayeshindwa kulimaliza hahesabiwi kuwa amekataa, hahesabiwi kabisa. Kisha ripoti huandikwa, na ndani yake husomeka kwamba wananchi wamesema.

Tuanze na yale mambo mawili. La kwanza lilikuwa anwani ya barua pepe, iliyowekewa alama ya lazima. Mama huyu hana barua pepe wala haihitaji, basi tukaandika ya mpwa wake. La pili lilikuwa kipato cha mwezi. Hapa mwandishi wa dodoso alidhani kwamba kila mtu huishi kwa kalenda ya mwajiriwa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi inapokuwa kali, taa hupoteza nguvu yake na mitumbwi mingi hupumzika. Biashara yake, kwa hiyo, huhesabiwa kwa siku za giza, na mzigo hupimwa kwa ndoo. Angeulizwa, "Katika giza lililopita ulinunua ndoo ngapi, na kwa bei gani?", angejibu bila kusita. Kazi ya kugeuza ndoo kuwa shilingi za mwezi ingebaki kwa ofisi yenye kompyuta. Badala yake alitwishwa yeye hesabu hiyo, akakisia.

Lipo na la tatu, ambalo nililigundua kwa bahati. Maswali kumi yalipangwa katika jedwali moja, kuanzia "nakubali kabisa" upande wa kushoto hadi "sikubali kabisa" upande wa kulia. Kwenye kompyuta ya mezani jedwali hilo hupendeza. Kwenye kioo cha simu yake zilionekana safu mbili tu za kwanza. Zilizosalia zilijificha kulia, na hapakuwa na dalili yoyote ya kumwonyesha kwamba zipo. Mtu asiyejua kuusogeza ukurasa atachagua miongoni mwa anavyoviona, na vyote anavyoviona vinakubali. Ni rahisi mno kwa ripoti kutangaza kwamba wafanyabiashara wanaunga mkono ushuru, kumbe kilichounga mkono ni upana wa kioo.

Wapo watakaosema kwamba majibu yakiwa mengi, kasoro za namna hii hufutana zenyewe. Historia haiwaungi mkono. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi za maoni zipatazo milioni 10, likapokea majibu zaidi ya milioni 2, na kutabiri kwamba Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi ya waliotumiwa kadi yalitoka katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati nchi imo katika mdororo mkubwa wa uchumi. Tena waliojibidiisha kurudisha kadi hawakufanana na waliozitupa. Kiungo kinachorushwa katika makundi ya WhatsApp hurudia kosa lile lile, kwa kasi kubwa zaidi.

Wengine watasema kwamba wananchi wetu hawana elimu ya kujaza fomu za mtandaoni. Hili silikubali hata kidogo. Mama yule yule hutuma na kupokea fedha kwa simu kila siku, na kwa miaka mingi alifanya hivyo kwa kitochi. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, mamilioni ya Watanzania wamekuwa wakijaza fomu bila kuziita fomu. Menyu ya fedha huuliza jambo moja kwa wakati mmoja. Huuliza kwa Kiswahili kifupi, na hujibiwa kwa tarakimu. Kabla hujakamilisha muamala, hukusomea jina na kiasi ili uhakikishe. Haihitaji simu janja wala bando. Waliobuni menyu hizo walijua kwamba mteja akikwama wao ndio watakaopata hasara. Sisi tunaoandaa madodoso hatupati hasara yoyote mhojiwa anapokwama, na pengine hapo ndipo penye tofauti yote.

Najua kwamba kumfuata mtu nyumbani ni ghali. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, makarani walizunguka na vishikwambi nchi nzima hadi tukajulikana kuwa watu 61,741,120. Mhojiwa hakushika kifaa. Karani ndiye aliyesoma, akafafanua na kuandika. Mradi wa Sauti za Wananchi wa Twaweza, ulipoanza mwaka 2012, uliwapa wahojiwa simu pamoja na chaja za sola, kisha ukawapigia na kuwauliza. Katika njia zote mbili, mzigo wa kuuliza uliachwa kwa muulizaji. Dodoso la mtandaoni huonekana la bei nafuu kwa sababu gharama imehamishiwa kwa mjibuji: bando lake, muda wake, macho yake. Kama tumeamua kumtwisha gharama hiyo, adabu inatutaka tuipunguze kadiri tuwezavyo.

Namna ya kuipunguza inafahamika. Dodoso liseme mwanzoni litachukua dakika ngapi, na liseme kweli. Swali moja liulize jambo moja. Anayeulizwa kama ameridhika na maji na umeme hana la kujibu ikiwa maji yapo na umeme haupo. Majedwali yaachwe. Kila orodha iwe na "jingine", na kila swali liwe na ruhusa ya kurukwa. Mtandao ukikatika, majibu yabaki. Yasiyohitajika yasiulizwe: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana na kwa kiasi kinachohitajika, na sioni maoni kuhusu ushuru yanahitaji barua pepe ya nini. Asiye na simu janja awekewe njia nyingine, kwa ujumbe mfupi au kwa kupigiwa. Na ripoti iseme wazi ni wangapi walilifungua dodoso na wakaliacha njiani, na waliliachia kwenye swali lipi.

Zaidi ya yote, dodoso lijaribiwe na wale litakaowafikia, kwa simu zao wenyewe. Watu watano wanatosha kufichua makosa mengi. Aliyeliandika aketi kando yao, afunge mdomo, aangalie kidole kinapositia. Kuanzia muhula huu sitapitisha dodoso la mwanafunzi ambalo halijafanyiwa hivyo, na wenzangu nawaomba wafanye vivyo hivyo. Ofisi zenye bajeti kubwa kuliko ya mwanafunzi hazina kisingizio.

Tulipokwisha kubonyeza "tuma", mama aliniuliza kama wakubwa watajua kwamba yale mawili si ya kweli. Nilimwambia hawatajua. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa wataupangaje ushuru wetu?" Aliiweka simu mfukoni, akarudi kwenye dagaa wake. Swali lake lilikuwa fupi, la jambo moja, na kwa Kiswahili kinachoeleweka. Walioandika dodoso lile wanadaiwa jibu lake.