Fulana ya kuzuia risasi ya bei nafuu: Unanunua kinga au mfuko mtupu?

Tuseme wewe ni mpigapicha wa kujitegemea jijini Nairobi. Una kamera ambayo bado unailipia, simu mbili, na jaketi ya buluu iliyoandikwa PRESS. Uchaguzi wa 2027 unakaribia na unajua vile mambo huenda. Usiku unaingia duka la mtandaoni na kuona fulana nyeusi ya kijeshi, mifuko kila mahali, bei karibu sawa na ya raba mpya. Kidole kiko tayari kwa kitufe cha kulipa.

Ngoja kwanza.

Sikulaumu kwa kuitaka. Tangu Juni 25, 2024, siku waandamanaji walipoingia Bungeni, kuripoti maandamano Kenya kumekuwa kazi ya hatari. Julai 16 mwaka huo, mwanahabari alipigwa risasi pajani mjini Nakuru akiwa kazini. Juni 17, 2025, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi kichwani kwa karibu katikati ya Nairobi, akafariki siku kadhaa baadaye. Wiki moja baada ya kisa hicho, Juni 25, mamlaka ya mawasiliano iliagiza vituo vya televisheni na redio visitishe matangazo ya moja kwa moja ya maandamano, kabla ya mahakama kusimamisha agizo hilo. Wakati kamera kubwa zinazimwa, mzigo wa kuonyesha nchi kinachoendelea unaangukia watu kama wewe, wasio na mwajiri wala bima.

Lakini hebu soma tena visa viwili vya kwanza. Paja. Kichwa. Hakuna fulana duniani ambayo ingezuia risasi hizo. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuweka akilini: fulana hulinda moyo na mapafu, basi. Ukiivaa halafu ukasogea hatua kumi mbele kwa sababu unajihisi salama, umejiongezea hatari kwa pesa zako mwenyewe.

Jambo la pili ni kwamba kile unachokiona kwenye picha ya duka huenda si kinga kabisa. Fulana hizi zina sehemu mbili. Kuna fulana ya nje, ambayo ni kitambaa, mikanda na mifuko. Halafu kuna kinachowekwa ndani: paneli laini za nyuzi kama Kevlar, au mabamba magumu ya kauri, chuma au plastiki nzito. Kinachosimamisha risasi ni hicho cha ndani. Fulana ya nje peke yake ni begi tu. Nyingi za bei ya kutupa zimeshonwa kwa ajili ya michezo ya kulengana na bunduki bandia, na "bamba" linalokuja nazo ni sponji. Muuzaji akiandika "mtindo wa kijeshi" pasipo kutaja kiwango cha kinga, jua unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Viwango navyo husomwa vipi? Kipimo kinachotumika sana ni cha NIJ, taasisi ya utafiti iliyo chini ya Wizara ya Haki ya Marekani. Kwa lebo ambazo bado zimejaa sokoni, IIIA huzuia risasi nyingi za bastola. III hujaribiwa kwa risasi za bunduki za milimita 7.62, na IV kwa zile za kutoboa chuma. Mwishoni mwa 2023 NIJ ilitoa mpangilio mpya: HG1 na HG2 ni za bastola, RF1 hadi RF3 ni za bunduki. Ukikutana na majina hayo, usishtuke.

Sasa linganisha na mtaa wako. Bunduki unazoona mabegani mwa polisi wetu ni G3 na zile za familia ya AK. Risasi zake hupita fulana laini ya IIIA kama karatasi. Fulana hiyo inaweza kukusaidia dhidi ya bastola, na hupunguza uchungu wa risasi ya mpira au jiwe likikupata kifuani. Hiyo si kazi ndogo. Lakini usidanganyike kwamba imekukinga na bunduki. Pia si kinga ya kisu. Kisu kina kipimo chake tofauti.

Ukitaka kinga ya bunduki, lazima uongeze mabamba, na mabamba yana uzito. Jozi ya kauri ya kiwango cha IV hufika kilo sita au zaidi. Jiulize ukweli: ukiwa na kamera, maji na barakoa ya gesi, utaweza kukimbia kutoka Moi Avenue hadi Uhuru Park na huo mzigo? Ya chuma huwa rahisi kwa bei, lakini risasi ikigonga chuma hupasuka, na vipande vyake vinaweza kurukia shingo na kidevu. Na ukiona bamba lina herufi ICW, maana yake ni kwamba linahitaji paneli laini nyuma yake ndipo lifikie kiwango kilichoandikwa. Wengi hununua bamba hilo peke yake na hawajui wameacha nusu ya kinga dukani.

Ukishajua cha ndani, ndipo uchague fulana ya nje. Hapa ndipo unaweza kuokoa pesa, mradi ukague mambo machache.

Kwanza, saizi. Fulana hufuata bamba, na bamba hufuata kifua chako, si saizi ya tisheti. Ukingo wa juu wa bamba uwe usawa wa kishimo kilicho chini ya koo. Likining'inia tumboni, umelinda chakula cha mchana na kuacha moyo wazi. Kama wewe ni mwanamke, ijaribu mwilini kabla ya kulipa, kwa sababu nyingi zimekatwa kwa vifua vya wanaume na huacha mianya kwenye makwapa.

Pili, ushonaji. Weka mabamba ndani, shika mikanda ya mabega, inua na utikise. Uzi ukilia, achana nayo. Nailoni nzito hudumu kuliko poliesta nyepesi inayong'aa, na velkro ya kiunoni isiachie ukiinama.

Tatu, kuivua. Mwenzako aweze kukuvua kwa sekunde chache ukiumia, hata kama hajawahi kuigusa.

Nne, rangi. Epuka nyeusi na ile ya majani ya jeshi. Hutaki afisa akudhanie mpiganaji, wala mwandamanaji akudhanie askari. Buluu yenye PRESS mbele na nyuma inatosha.

Na mtumba? Fulana ya nje ya mtumba, sawa. Paneli za ndani, hapana, isipokuwa lebo inasomeka: mtengenezaji, modeli, kiwango, tarehe. Wengi wa watengenezaji hutoa dhamana ya miaka mitano, na unyevu pamoja na jua hudhoofisha nyuzi. Marekani yenyewe ilijifunza kwa uchungu: fulana za polisi za nyuzi za Zylon zilichakaa haraka kuliko ilivyodhaniwa, na mwaka 2005 NIJ ikaacha kuzitambua. Tafuta modeli unayouziwa kwenye orodha ya NIJ iliyo wazi mtandaoni. "Imethibitishwa na NIJ" na "imepimwa kwa kufuata NIJ" si kitu kimoja. Ya pili ni neno la muuzaji.

Kabla ya yote haya kuna sheria. Fulana ya kuzuia risasi si bidhaa ya kuagiza kimyakimya. Iandikie Bodi ya Leseni za Silaha, uliza kibali gani kinahitajika, na uweke majibu yao kwa maandishi. Ukinaswa forodhani au kwenye kizuizi cha polisi bila karatasi, utajieleza ukiwa seli.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu. Kama mfuko wako unatosha tu fulana ya sponji, iache. Pesa hizo nunua helmeti nzuri, miwani ya kukinga macho na mafunzo ya huduma ya kwanza. Vitu hivyo hulinda kichwa na kuzuia damu kuvuja pajani. Kama unahitaji fulana kamili, azima kabla ya kununua. Shirika la Reporters Without Borders limekuwa likiwaazima wanahabari fulana na helmeti.

Na mhariri anayekupigia simu saa kumi na mbili asubuhi akitaka picha za mstari wa mbele, muulize swali moja kabla hujatoka nyumbani: "Mmenipa kinga gani?" Akinyamaza, piga picha zako ukiwa mbali. Lenzi ndefu ni nafuu kuliko jeneza.