Kitabu Kitupu Mbele ya Lakshmi

Kila mwaka, Oktoba au Novemba, taa zikiwashwa vizingitini na fataki zikilia mitaani, nasikia neno lilelile kwenye matatu, barazani na hata ofisini: leo Wahindi wanaabudu pesa. Watu hulisema bila chuki, kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Na msemaji huwa na ushahidi wake. Amepita dukani jioni ya Diwali, akaona daftari la hesabu limewekwa mbele ya picha ya mungu wa kike aliyesimama juu ya ua la yungiyungi, sarafu za dhahabu zikimwagika kiganjani mwake. Akaona ubani unafukizwa na maua yanarushwa juu ya daftari. Akajumlisha. Mimi pia nilijumlisha hivyohivyo kwa miaka mingi, na leo nasema kwa moyo wangu wote kwamba tulikosea hesabu.

Tuanze na neno lenyewe. Mhindi ni mtu wa asili ya India, Mhindu ni mfuasi wa dini. Khoja, Bohora na Mgoa Mkatoliki ni Wahindi, na Diwali si sikukuu ya dini zao. Hata kwa wanaoisherehekea, sababu ni nyingi. Kaskazini ya India wanakumbuka Rama kurudi Ayodhya baada ya miaka 14 uhamishoni. Kusini wanakumbuka mungu Krishna alivyomuua jitu Narakasura, na siku hiyo huoga kwa mafuta kabla ya jua kuchomoza. Bengali usiku huo ni wa mungu wa kike Kali. Wajaini wanaadhimisha mwalimu wao Mahavira kufikia ukombozi wake, Masingasinga wanakumbuka Guru Hargobind kutoka katika ngome ya Gwalior alikofungwa, na Nepali kuna siku nzima ya kuwavisha mbwa mashada ya maua. Katika visa vyote hivyo fedha haimo.

Lakini sisi wa pwani hatukuijua Diwali kwa Ayodhya wala kwa Bengali. Tuliijua kwa maduka ya Wagujarati, na kwao kweli daftari limo, sarafu zimo, na Lakshmi, yule mungu wa kike wa kwenye picha, yumo. Sitaki kuukimbia ushahidi huo. Siku ya kwanza, Dhanteras, maduka ya masonara hujaa wanunuzi wa dhahabu, na nyumbani sarafu za fedha huoshwa kwa maziwa. Katika soko la hisa la Bombay, tangu 1957, kuna saa moja ya biashara ya heri siku ya Diwali, wakati sikukuu nyingine masoko hufungwa. Wapo wanaocheza karata usiku kucha. Mtu akiyaona hayo peke yake, simlaumu kwa hukumu yake. Namwomba tu aangalie na mengine yanayofanywa katika siku hizohizo, na watu walewale.

Mama yangu alikuwa akiuza leso nyumbani. Alizichukua kwa mkopo katika duka moja la Mtaa wa Biashara, Mombasa, korija moja kwa wakati, akalipa kidogo kidogo. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kigujarati ambaye mtaa mzima ulimwita Kaka. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo. Sisi tulimheshimu kama ndugu mkubwa, watu wake walimheshimu kama ndugu wa baba, na neno lilikuwa moja.

Mwaka mmoja, wiki mbili kabla ya Diwali, alimletea mama salamu: "Mama, njoo tufunge kitabu." Mama alichukua kidaftari chake, nami nikamfuata. Wakaketi juu ya godoro lililotandikwa shuka jeupe, mzee akasoma mstari kwa mstari, mama akiitikia "naam" au "hapana, Kaka." Mwaka ule jozi mbili za leso zilikuwa zimeandikwa mara mbili, na mama alikwisha kuzilipa mara mbili. Walibishana kwa muda mrefu. Mzee alimwita mwanawe alete daftari la mauzo, akalinganisha, akaukata mstari kwa wino mwekundu, akavuta droo, akamhesabia mama fedha zake mkononi. "Hizi siwezi kuingia nazo mwaka mpya," alisema.

Jioni ya Diwali mama alinituma na sahani ya visheti, kwa sababu mzee alikuwa ametuletea mithai mchana. Nilikuwa na miaka 13. Aliniambia niketi karibu na mlango. Ndipo nilipoliona daftari lenyewe: refu, jembamba, limefungwa kwa kitambaa chekundu na kushonwa kwa uzi. Maharaj, yaani kuhani wao, alilifungua ukurasa wa kwanza akaandika kwa rangi nyekundu neno moja, Shri, ambalo ni neno la heshima na la heri. Chini yake akaliandika mara mbili, kisha mara tatu, mistari ikipanuka mpaka maandishi yakawa kama paa la hekalu. Pembeni akaandika shubh upande mmoja na labh upande wa pili: heri na faida. Juu ya ukurasa akaweka jani la tambuu, popoo na sarafu moja. Watu wakarusha punje za mchele na maua. Mama mwenye nyumba akaizungusha taa ya samli mbele ya picha. Kisha daftari likafungwa.

Ukurasa ule haukuwa na hesabu hata moja. Hilo ndilo ninalotaka msomaji aliangalie kwa makini. Daftari lililobeba faida yote ya mwaka, lililojaa mauzo, lilikuwa kabatini na hakuna aliyelifukizia ubani. Lililoheshimiwa ni lile ambalo halijaandikwa senti. Kama pesa ndiyo inayoabudiwa, ibada hii imeelekezwa mahali ambapo pesa bado haijaandikwa. Mtu anayeleta kitabu kitupu mbele ya mungu wake anaomba idhini ya kuanza kuandika, na anakubali kwamba kila atakachokiandika humo kimeanza chini ya macho fulani. Nimeona wafanyabiashara wa siku hizi wakiweka kompyuta badala ya daftari, na alama nyekundu juu ya kifuniko. Maana ni ileile.

Jina la ibada nalo lina ushahidi wake. Wagujarati huiita Chopda Pujan, ibada ya madaftari, lakini pia huiita Sharda Pujan, na Sharda ni jina la Saraswati, mungu wa elimu. Ikifanywa kwa utaratibu kamili, kidau cha wino huheshimiwa kama Mahakali, kalamu hupewa heshima yake, na daftari huheshimiwa kama Saraswati. Kasha la fedha lina zamu yake, kwa jina la Kubera, na baada yake huja mizani. Wanaosema ni ibada ya pesa wamechagua kitu kimoja katika orodha na kuacha vingine vyote, hata mizani, ambayo mfanyabiashara yeyote mwenye hofu ya Mungu, awe wa dini gani, anajua ni shahidi dhidi yake.

Na Lakshmi mwenyewe ni nani? Katika mapokeo ya Kihindu ana sura nane, nazo huitwa Ashta Lakshmi. Mmoja ni wa mali. Wengine ni wa nafaka, wa watoto, wa ujasiri, wa ushindi, wa elimu, wa tembo na ufalme, na yule wa asili. Mali ni sehemu moja ya nane. Kumwita "mungu wa pesa" ni kama kumwita mama mwenye watoto wanane kwa jina la mmoja tu, kisha kusahau kwamba wale saba wapo.

Tena husemwa hatulii mahali pamoja. Haji kwenye nyumba chafu, wala hakai kwenye nyumba yenye ugomvi. Ndiyo maana wiki za kabla ya Diwali nyumba hufagiliwa mpaka uvunguni na kuta hupakwa rangi upya. Na ndiyo maana mkesha wa Diwali, siku iitwayo Kali Chaudas, akina mama wa Kigujarati hukaanga vada, wakazipeleka njia panda, wakazizungushia maji chini, wakarudi nyumbani. Wanachokitoa nje kina jina: kakalat, manung'uniko na ugomvi wa nyumbani. Nafikiri huwezi kuielewa sikukuu hii bila kuiona picha hiyo, ya mama amesimama njia panda jioni na kibakuli cha maji, akiacha kelele za mwaka mzima kando ya barabara. Hata siku ya dhahabu yenyewe, Dhanteras, ina taa moja inayowekwa nje ya nyumba kuelekea kusini kwa ajili ya Yama, mungu wa mauti. Familia iliyotoka kununua bangili mchana huwasha taa ya kifo usiku huohuo.

Kiswahili kinaweza kutusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Neno pesa limetoka kwa Wahindi, paisa. Hundi, laki na bima nazo zilipita mikononi mwa wafanyabiashara walewale. Tulichukua maneno ya sarafu na ya karatasi za sarafu. Hatukuchukua neno lao la kile Lakshmi anachokileta, kwa sababu tulikuwa na yetu: riziki, neema, baraka. Mswahili anajua tofauti ya pesa na riziki. Pesa unaweza kuiba, riziki huiibi. Pesa unaihesabu ikiwa mkononi, riziki unaiomba haijafika. Anayefungua kitabu kitupu usiku wa giza kabla ya mwezi kuandama anaomba riziki, na tungemwelewa mara moja kama tungelitumia neno letu sahihi.

Kuna pia sababu ya bahari ya kufunga na kufungua madaftari wakati huu. Mvua kubwa za magharibi ya India huanza Juni na kwisha Septemba. Mavuno huingia, bahari hutulia, na Diwali hufuata. Muda si mrefu kaskazi huanza kuvuma kuelekea kwetu, na zamani majahazi ya Mandvi na Porbandar yaling'oa nanga yakiwa na vitambaa, yakaja Mombasa na Zanzibar, yakarudi kusi ilipoanza mwaka uliofuata. Kwa karne nyingi mfanyabiashara wa Gujarat alijua kwamba mali yake nyingi itakuwa juu ya maji kwa miezi kadhaa. Alihitaji kujua anadai nini na anadaiwa nini kabla tanga halijapandishwa. Mwaka wao, wa kalenda ya Vikram, ulianza siku inayofuata Diwali na bado unaanza hapo: mwaka 2082 ulianza Oktoba 2025. Nyumba ya Jairam Shivji, mfanyabiashara wa jamii ya Bhatia wa Kutch aliyeshika ushuru wa forodha ya Zanzibar katika karne ya 19, ilikua katika ulimwengu huo wa pepo na madaftari.

Najua jibu litakalokuja. Watu hawakuchukia daftari bure. Mtaji wa Kihindi Zanzibar ulikopesha misafara ya pembe za ndovu, na ya watumwa pia. Mashamba ya mikarafuu yaliwekwa rehani mpaka 1934 serikali ya Zanzibar ikaweka sheria ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isiwahame. Methali ya "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" inanikumbusha watu waliokwenda kukopa na kujisikia wadogo mbele ya meza. Sina haki ya kuyafuta machungu hayo, na sitajaribu. Ninachosema ni kwamba yanamhusu mkopeshaji na alichokiandika. Ukurasa mtupu haukuwakosea watu hao. Aliyepokea rehani isiyolipika aliweka mkono wake juu ya mizani ileile aliyoiheshimu usiku wa Diwali, na mtu akitaka kumshitaki hahitaji sheria ya dini nyingine. Ya kwake inatosha. Hukumu ya "wanaabudu pesa" inamwachilia huru, kwa sababu inadai kwamba alipodhulumu alikuwa akitimiza dini yake.

Asubuhi ya mwaka mpya wao, Bestu Varas, kabla jua halijatoka, katika miji ya Gujarat hupita wauzaji mitaani wakinadi sabras. Neno hilo lina maana ya ladha zote, na kinachouzwa ni chumvi. Watu hutoka na usingizi machoni kununua. Ununuzi wa kwanza wa mwaka, katika jamii tunayodai inaabudu dhahabu, ni chumvi ya sarafu chache. Baadaye wanavaa nguo mpya, wanakwenda hekaluni kuona Annakut, mlima wa vyakula uliopangwa mbele ya miungu, kisha wanatembeleana na kuwasujudia wazee. Salamu yao ni Saal Mubarak, na neno la pili hatuhitaji kulifasiri sisi tunaosema Idd Mubarak. Siku ya pili ni Bhai Bij, kaka kwenda kula kwa dada yake. Maduka mengi hubaki yamefungwa mpaka siku ya tano, Labh Pancham.

Siku hiyo ya tano, mwaka ule, mama alirudi kwa Kaka kuchukua leso. Daftari jekundu lilikuwa juu ya meza, bado lina harufu ya ubani, na punje moja ya mchele ilikuwa imebaki kwenye mshono. Mzee aligeuza ukurasa wa Shri, akafika kwenye ukurasa safi, akachovya kalamu. Kabla ya kuandika alimtazama mama akamuuliza, "Mama, tuko sawa?" Mama akajibu, "Tuko sawa, Kaka." Ndipo akaandika jina lake.